Redio Inayovuma na Haki ya Mnunuzi

Katika visiwa vyetu redio haijapata kuwa pambo. Tangu Sauti ya Unguja ilipoanza kusikika mwaka 1951, na baadaye Januari 1964 habari za Mapinduzi zilipowafikia wananchi kwa njia hiyo hiyo ya mawimbi, mtu wa Unguja na wa Pemba amezoea kutega sikio lake redioni kwa mambo yanayomgusa mwenyewe: hali ya bahari, mwandamo wa mwezi, wito wa Serikali na matangazo ya vifo. Hili la mwisho wageni hulistaajabia, ama sisi tunaijua thamani yake. Maiti wa Kiislamu hacheleweshwi. Aliyefariki alfajiri huenda akazikwa kabla ya alasiri, na asiyepata habari kwa wakati wake hana namna ya kuirejesha saa ile ikishapita.

Kwa sababu hiyo hatuoni haya kuutumia ukurasa huu leo kwa jambo ambalo baadhi ya wakubwa wataliona dogo, nalo ni kelele zinazosikika katika redio za magari yanayouzwa hapa visiwani, na taabu anayoipata mnunuzi anaporudi kwa aliyemuuzia kutaka zitengenezwe. Tutalieleza jambo lenyewe kwa mfano wa gari yetu, kwani mfano huo tunaujua mwanzo wake na mwisho wake. Yadi iliyotuuzia hatutaitaja. Nia yetu si kumvunjia mtu biashara yake, bali ni kuonyesha mahali pa kurekebisha.

Gari hiyo ilitoka Japani ikiwa imekwisha kutumika, kama yalivyo mengi ya magari tunayoyaona barabarani. Siku ya kukabidhiwa tuliiwasha redio pale pale yadini, injini ikiwa imezimwa, na sauti ikatoka safi. Tukatia saini, tukapewa dhamana ya miezi mitatu, tukaondoka kwa furaha. Tulipoingia njia ya Fuoni ndipo tulipoanza kusikia, nyuma ya sauti ya msomaji wa habari, mlio mwembamba kama wa mbu. Tukikanyaga mafuta mlio unapanda, tukiachia unashuka. Juu ya mlio huo palikuwa na mchakacho mwingine wa kuja na kuondoka, mfano wa mafuta yanayochemka kikaangoni.

Tulirudi yadini kesho yake. Kijana wa mauzo alitupokea kwa adabu, akatusikiliza kwa muda wa dakika moja, kisha akasema: "Mzee wangu, hiyo ni kawaida. Gari zote za Japani ziko hivyo. Wewe ongeza sauti tu, hutausikia tena." Tukaondoka. Baada ya wiki mbili tukarudi tena, na safari hii gari ikaingizwa gereji. Tulikalishwa nje, tukaletewa maji ya kunywa, na baada ya saa moja tukaambiwa kwamba eriali imebadilishwa na kazi imekwisha. Hakuna aliyeiwasha injini mbele yetu. Mlio tuliukuta njiani kabla hatujafika Amani. Tulipopiga simu tukajibiwa kwamba redio haimo katika dhamana, kwa kuwa dhamana ni ya injini na giaboksi.

Hapo tukafanya kosa ambalo wananchi wengi hulifanya: tulinyamaza. Tulijiambia kwamba mtu mzima hagombani kwa ajili ya mlio wa mbu.

Asubuhi moja ya masika tulikuwa tukienda Mkokotoni kwa shughuli za kazi. Simu yetu ilikuwa imekwisha moto, tukaichomeka katika chaja ndogo tuliyoinunua Darajani. Redioni yalikuwa yakisomwa matangazo ya vifo. Mbele yetu palikuwa na lori la mchanga, tukakanyaga mafuta ili tulipite, na mlio ukapanda ukafunika kila kitu. Tulilisikia neno "maalim", kisha jina likamezwa, na jina la kijiji likamezwa pia. Tulipokwisha kulipita lori na mguu ukatulia, tuliyapata maneno ya mwisho tu: maziko ni saa saba mchana, na habari ziwafikie wanafunzi wake wote popote walipo. Tukamwombea rehema mtu tusiyemjua, tukaendelea na safari.

Magharibi ilipoingia, simu ikiwa imeshapata moto, tukakuta tumetafutwa mara kadhaa. Marehemu alikuwa maalim wetu wa chuoni, mzee aliyetushika mkono tukiwa wadogo mpaka tukaimaliza Juzuu Amma, na aliyekuwa akituuliza hali zetu za skuli kila alipotuona njiani. Wenzetu wa chuo kimoja walimbeba jeneza wakapokezana. Sisi tulikuwa tumepita umbali wa maili tatu tu kutoka kijijini kwake, saa moja kabla ya maziko, redio ikiwa imewashwa.

Kadari ni ya Mwenyezi Mungu na hatumlaumu mtu kwa iliyoandikwa. Ila asubuhi iliyofuata, baada ya kurudi kutoka kutoa mkono wa pole, tuliiandika barua ya kurasa mbili na kuipeleka yadini. Ndani yake tulieleza mlio unaanza lini, unapanda lini, unakoma lini, na mara ngapi tumeshafika hapo. Tukaomba jambo moja: kwamba gari ipimwe sisi tukiwapo.

Lazima tuseme ukweli kwamba barua ile ilifanya kazi ambayo maneno yetu ya mdomo hayakuifanya. Meneja aliisoma mbele yetu, akamwita fundi kijana wa umeme wa magari ambaye mara mbili za kwanza hakuwa ameonyeshwa gari hiyo. Kijana huyo akasema: "Ami, ingia ndani ukae kwenye usukani. Mimi nitakwambia la kufanya, wewe utaniambia unachokisikia." Tangu tulipoinunua gari ile, huyo alikuwa mtu wa kwanza kutaka kusikia.

Kwanza alitutaka tufungue ufunguo nusu, redio iwake, injini isiwake. Mlio haukuwapo, ila mchakacho wa mafuta kikaangoni ulikuwapo. Akatuambia tuichomoe chaja ya simu. Mchakacho ukakatika pale pale! Tukatazamana. Chaja ile, alitueleza, hupunguza umeme wa gari hadi kiwango cha simu kwa kuukata na kuuwasha maelfu kwa maelfu ya mara katika kila sekunde. Chaja nzuri hufungiwa vichujio vya kuzuia kelele za ukataji huo zisitoke nje. Chaja ya bei chee huachwa bila vichujio, na kelele zake huruka hadi kwenye eriali na kwenye nyaya za redio. Taa za kisasa za LED zisizo na ubora hufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo sehemu moja ya ugonjwa ilikuwa yetu wenyewe, tuliyoinunua kwa fedha zetu. Tulifunzwa katika Chama kwamba anayetaka kukosoa na aanze kujikosoa, nasi tunalisema hili mbele ya wasomaji bila ya kuficha.

Pili akatutaka tuwashe injini. Mlio ukaja. Tukakanyaga mafuta, ukapanda. "Huo unatoka kwenye oltaneta," akasema. "Kama ungekuwa ni wa plagi, ungesikia kama mtu anayegonga meza kwa kucha, tak tak tak, na kugonga kukazidi mwendo unapozidi. Kama ungekuwa wa pampu ya petroli, usingepanda wala usingeshuka sana."

Hapa yafaa tueleze kidogo, kwani mwenye gari akijua asili ya kelele hawezi kudanganywa kwa urahisi. Oltaneta huzalisha umeme wa mkondo geu, yaani umeme unaokwenda mbele na kurudi nyuma, ilhali betri na redio zinahitaji umeme wa mkondo mnyoofu. Kazi ya kuunyoosha hufanywa na vipande vidogo viitwavyo dayodi, ambavyo aghalabu huwa sita au zaidi ndani ya oltaneta moja. Hata dayodi zikiwa nzima, umeme unaotoka hauwi laini kama maji ya mtungini. Hubaki na vijiwimbi. Redio nzima iliyofungwa vizuri huvivumilia vijiwimbi hivyo. Lakini dayodi moja ikifa, vijiwimbi huwa mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo mlio wa mbu tunaousikia ukipanda na kushuka pamoja na injini.

Fundi akachukua mita yake, akapima kwenye betri. Gari ambayo oltaneta yake ni nzima huonyesha takriban volti 14 injini inapozunguka. Yetu ilionyesha pungufu, na tulipowasha taa kubwa na waipa ikashuka zaidi. Akaigeuza mita ipime mkondo geu, nayo ikaonyesha kiasi ambacho hakikupaswa kuwapo hata kidogo. "Ami, dayodi moja imekufa, huenda na ya pili iko njiani," akasema. "Ungekwenda nayo usiku mmoja wa mvua, taa na waipa zinafanya kazi, betri ingekwisha ukabaki njiani."

Tunaomba viongozi walizingatie neno hilo. Mlio tulioambiwa kwamba ni wa kawaida, na ambao dawa yake tuliambiwa ni kuongeza sauti, ulikuwa taarifa ya ubovu. Gari ilikuwa ikitushitakia tangu siku ya kwanza, nasi pamoja na aliyetuuzia tukaiziba mdomo. Laiti ingekuwa ni usiku na nyuma amekaa mgonjwa tunayempeleka hospitali, tungeyaita yaliyotokea ajali, na hakuna ambaye angekumbuka kwamba redio ilisema mapema.

Tatu, akaichomoa eriali nyuma ya redio huku injini inazunguka. Mlio ukapungua lakini haukwisha. Hilo lilimwonyesha kwamba kelele zinaingia kwa milango miwili, mmoja wa nyaya za umeme na mwingine wa eriali. Akaenda kwenye kitako cha eriali juu ya bati, akakifungua. Chini yake palikuwa na kutu nyekundu. Sisi ni watu wa visiwani. Hewa ya chumvi haiachi chuma salama. Eriali hutegemea kukamatana na bodi ya gari, yaani ethi, na kutu ikiingia baina yao ethi hufa. Eriali mpya waliyoifunga mara ya pili ilikuwa imewekwa juu ya kutu ile ile ya zamani! Fundi akaipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akapaka grisi, akakaza. Akafanya hivyo hivyo kwenye waya mnene unaounganisha injini na bodi.

La nne lilitushangaza kuliko yote. Nyuma ya dashibodi alitoa kijaluba kidogo kilichofungwa kwa utepe mweusi, kikining'inia kwenye waya. Mafundi hukiita ekspanda. Kisa chake ni hiki. Nchini Japani masafa ya redio za FM kwa miaka mingi yalikuwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, kwa sababu masafa ya juu ya hapo yalitumiwa na televisheni zao. Baada ya televisheni za mfumo wa zamani kuzimwa nchini humo mwaka 2011 ndipo Wajapani walipoyapandisha masafa yao ya FM hadi 95. Huku kwetu, kama ilivyo Afrika nzima na Ulaya, FM hupangwa kati ya 87.5 na 108, na mpango huo ulikubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Geneva mwaka 1984. Kwa hiyo redio ya gari iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani haizisikii stesheni zetu nyingi. Kijaluba kile hufungwa baina ya eriali na redio ili kuyashusha masafa yetu yaingie katika kipimo cha Kijapani. Kikishusha megahezi 15, mathalan, stesheni iliyoko 100 utaikuta 85.

Ni ufumbuzi wa haraka na wa bei nafuu, wala hatusemi kwamba ni haramu. Lakini kijaluba hicho nacho kinatumia umeme wa gari, nacho kinahitaji ethi, nacho kina kelele zake. Chetu hakikufungwa ethi popote. Basi vijiwimbi vyote vya oltaneta vilikuwa vikipita humo na kuingia redioni vikiwa vimevaa nguo za stesheni. Na jambo tunalolitaka msomaji alione ni kwamba siku ya mauzo hatukuambiwa kuwapo kwake. Tulionyeshwa redio inayosikika, tukadhani redio ndiyo inayosikia.

Kazi yote ilichukua muda kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Dayodi zilibadilishwa, ethi zikasafishwa, kijaluba kikatolewa, na redio ya Kijapani ikaondolewa ikawekwa nyengine yenye masafa yetu kamili. Meneja alikubali kuzilipia dayodi na kazi ya fundi, sisi tukalipia redio. Kisha fundi akafanya jambo ambalo mara mbili za kwanza halikufanywa: alikaa pembeni yetu, tukaenda naye hadi Mwanakwerekwe na kurudi, taa zote zikiwaka, tukikanyaga mafuta na kuachia. Sauti ya mtangazaji ilibaki peke yake. Tulipomshukuru akasema ni kazi ndogo, angeimaliza siku ya kwanza lau angeitwa.

Wapo watakaosema kwamba kelele za redio ni ugonjwa usio na tiba, hasa kwa magari yaliyotumika. Historia inakataa. Mwaka 1887 mwanasayansi wa Kijerumani Heinrich Hertz aliyatoa mawimbi ya redio kwa kutumia cheche ya umeme inayoruka pengo dogo. Cheche ya namna hiyo ndiyo iliyomo ndani ya kila plagi ya injini ya petroli. Kwa hiyo kila gari ya petroli ni mtambo mdogo wa kurusha mawimbi, na ajabu si kwamba redio yake inapata kelele, ajabu ni kwamba inaweza kunyamazishwa. Nchini Marekani mwaka 1930 mfanyabiashara Paul Galvin alifunga redio katika gari yake ya Studebaker, akaiendesha hadi Atlantic City kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio, na kwa kuwa hakuwa na banda ndani alisimama nje akaifungulia sauti wapitao wasikie. Kabla ya kufika hapo mafundi wake walikuwa wamehangaika kuzizima kelele za plagi na za jenereta, na njia walizotumia mafundi wa zama hizo, yaani vizuizi kwenye nyaya za plagi na kondensa kwenye jenereta, ni ndugu wa njia zinazotumika leo. Mwaka 1933 Mmarekani mwengine, Edwin Armstrong, alipata hataza za mfumo wa FM, ambao faida yake kubwa ni kuzishinda kelele. Mwaka 1934 ikaundwa kamati ya kimataifa ya kushughulikia kelele za mawimbi, iitwayo CISPR, na hadi leo inatoa viwango ambavyo magari na vyombo vyake hupimwa kwavyo.

Elimu hii basi ina umri wa zaidi ya miaka 90. Aliyeko yadini akisema haijulikani, anakusudia kusema kwamba yeye hakuuliza. Hata jambo dogo kama plagi lina kanuni yake: plagi nyingi za kisasa zina kizuizi cha kelele ndani, na baadhi ya watengenezaji huweka herufi R katika namba ya plagi kuonyesha hivyo. Fundi anayeitoa plagi yenye kizuizi na kutia isiyokuwa nacho, kwa sababu tu imeingia na kukaza vizuri, ameitengeneza injini na kuiharibu redio.

Lakini suala letu si la ufundi peke yake. Maalim wetu, Mungu amrehemu, alikuwa akitusimulia hadithi mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono wake katika rundo la nafaka, vidole vikapata majimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba nafaka ile ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu, watu wakaiona. Sisi tulikuwa watoto, na maalim alikuwa akitutazama mmoja mmoja, akisema kwamba mvua haikuwa kosa la mtu yule, kosa lake lilikuwa ni kuiweka nafaka kavu juu. Wanazuoni nao wakathibitisha kile wanachokiita khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa iliyofichwa kasoro. Redio iliyowashwa injini ikiwa imezimwa ni nafaka kavu iliyowekwa juu.

Sheria za nchi nazo hazikulala. Zanzibar ina Taasisi ya Viwango, na ina Tume ya Ushindani Halali wa Biashara yenye dhamana ya kumlinda mtumiaji wa bidhaa. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni mazoea: sisi wanunuzi hatulalamiki kwa maandishi, wauzaji hawapimi mbele yetu, na baadhi ya watendaji wanadhani ulinzi wa mtumiaji ni habari ya unga na dawa zilizopita muda tu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache yasiyohitaji bajeti kubwa. Wauzaji wa magari yaliyotumika waandike katika hati ya mauzo redio ya gari inafika masafa gani, na kama kuna ekspanda ndani yake. Redio ijaribiwe mbele ya mnunuzi injini ikizunguka na taa zikiwaka. Gereji za yadi ziyaandike malalamiko kwa maneno ya mteja mwenyewe, na fundi wa umeme aione gari kabla ya mtu wa mauzo kutoa hukumu. Gari ikitengenezwa ijaribiwe barabarani mwenyewe akiwamo. Wakaguzi nao wanapoyakagua magari yanayoshushwa bandarini watazame umeme wa oltaneta na ethi za bodi, kwani hivyo havigusi redio peke yake bali vinagusa usalama wa abiria.

Maafisa wa Serikali wasilione hili kuwa la raia peke yao. Magari ya ofisi nayo yana redio zinazovuma, na dereva wa ofisi naye huambiwa aongeze sauti. Gari ya wilaya inayofia njiani usiku kwa ajili ya dayodi moja hutengenezwa kwa fedha za wananchi.

Nasi wanunuzi tuna wajibu wetu. Tusinunue chaja kwa kutazama bei tu. Tusikubali gari bila ya kuiendesha. Tukisikia mlio, tuandike: unaanza lini, unapanda na nini, unakoma lini. Maneno hayo matatu yatamsaidia fundi kuliko kelele zetu zote za kaunta. Na tukiambiwa kwamba ni kawaida, tuulize: kawaida ya nani?

Tumeshakwenda mara mbili kijijini kwa maalim tangu siku ile, kwa hitima na kwa kumzuru. Njiani redio iko wazi, na matangazo tunayasikia yote, jina, kijiji na saa. Tunalolisema leo tunalisema ili mwengine asije akapitwa na lililotupita sisi. Habari ziwafikie wauzaji wa magari, mafundi, wakaguzi na maafisa wote wanaohusika, popote walipo.